Mgeni wetu kalipa hela ya safari kwa matapeli, na neno letu la siri lilikuwa gumu. Wametupitia wapi?

#1 Chalii wa Sakina
Wakuu habari. Nina ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha, magari mawili tu, na moja bado nalilipia. Wageni wanne kutoka Ujerumani walishakubali safari ya siku 7: Tarangire, Serengeti, Ngorongoro. Nikawatumia ankara ya malipo ya awali, asilimia 30. Siku mbili baadaye wakaniandikia kwa furaha kwamba wameshalipa "kwenye akaunti mpya kama mlivyotuelekeza". Akaunti mpya ipi? Yangu ni ileile tangu nifungue ofisi.

Nikaomba wanirudishie hiyo barua waliyopokea. Ankara ni yangu, nembo yangu, sahihi yangu, mpaka kosa langu la kuandika Tarrangire, kwa r mbili pamoja, limo vilevile. Kilichobadilika ni namba ya akaunti, na juu yake sentensi moja kwamba akaunti ya zamani inakaguliwa na mamlaka ya kodi.

Kinachoniumiza kichwa ni hiki. Neno la siri la barua pepe ya ofisi lina herufi 12. Lina herufi kubwa, alama na namba, na nalibadilisha kila baada ya miezi mitatu. Wametupitia wapi?

#2 Mtoto wa Pasua
Nimekaa pale konani na bakuli langu la mtori. Wajuvi waje.

#3 Mama Njiro
Pole sana mwanangu. Wageni wanakuja au ndiyo basi tena?

#4 Chalii wa Sakina
Asante mama. Tunavutana bado. Wao wanasema wamelipa, mimi sijapokea hata senti, na lodji inataka chake.

#5 Fundi Mnara wa Saa
Mkuu, kabla hatujasema wameingia kwako, soma anwani iliyotuma ile barua herufi kwa herufi. Usisome jina. Jina la mtumaji ni kama maandishi ya mgongoni mwa daladala, kila mwenye gari anaandika analotaka. Utaratibu wa kupelekeana barua pepe uliandikwa 1982, wakati waliokuwa wanaandikiana walikuwa wachache na wanajuana, na hakuna mahali unapomuuliza mtumaji kitambulisho. Vizuizi vya kukagua mtumaji, kama DMARC, vimekuja kubandikwa miaka mingi baadaye, na Google na Yahoo wameanza kuwabana watumaji wakubwa Februari 2024 tu.

Angalia r na n zilizobanana zikajifanya m. Angalia s ya mwisho. Angalia kinachofuata baada ya nukta.

#6 Chalii wa Sakina
Duh. Yetu inaishia co.tz. Hiyo inaishia com, na kwenye safari wameongeza s. Nimeisoma mara kumi tangu juzi sikuiona.

Lakini Fundi, hapo umejibu nusu. Ankara yangu halisi waliipataje? Niliituma kwa wageni tu.

#7 Binti Machame
Chalii, nirudi kwenye hilo la miezi mitatu. Ikitimia unaweka nini? Sitaki neno lenyewe, nataka mtindo.

#8 Chalii wa Sakina
Nimeshalifuta kwa hiyo nalitaja. Lilikuwa Tarangire@03. Juni nikaweka 06, Septemba 09, halafu 12.

#9 Mtoto wa Pasua
Kwa r mbili linafika herufi 13. Kumbe kwenye neno la siri unajua kuliandika, kwenye ankara ya mzungu ndiyo hujui 😂

#10 Binti Machame
Msimcheke, alifundishwa hivyo, na sisi wote tulifundishwa hivyo. Mwongozo uliotuletea mambo haya uliandikwa 2003 na Bill Burr wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani: changanya herufi kubwa, tarakimu na alama, badilisha kila baada ya muda. Mwaka 2017, ameshastaafu, mzee akaliambia gazeti kwamba mengi aliyoyaandika anayajutia. Mwaka huohuo NIST wakageuza mwongozo. Wakasema tazama urefu, usimlazimishe mtu kubadilisha kama hakuna dalili kwamba limevuja, na neno jipya lilinganishwe kwanza na orodha ya yale yaliyokwishavuja.

Sababu ni wewe hapo juu. Ukimlazimisha mtu kubadilisha, anabadilisha mkia. Aliyepata la Machi amepata na la Juni bila jasho.

#11 Mzee wa Kaloleni
Ofisini kwetu mpaka leo ni kila siku 90, na mfumo unakataa ulilowahi kutumia. Mimi nimefika namba 17 mwishoni. Nikistaafu nitakuwa nimefika 30.

#12 Mhasibu wa Tengeru
Mimi si mtu wa kompyuta, nahesabu hela za lodji. Chalii, hiyo namba ya akaunti mpya ilianzaje? Ilikuwa tarakimu tupu au ilianza na herufi?

#13 Chalii wa Sakina
Ilianza na LT, ikafuata misururu ya namba.

#14 Mhasibu wa Tengeru
Basi hiyo ni IBAN, namba ya akaunti ya mtindo wa kimataifa, na LT ni Lithuania. Tanzania hatumo kabisa kwenye mfumo wa IBAN. Akaunti zetu zinaandikwa namba zake, na pembeni unaweka kodi ya SWIFT, yaani alama ya kimataifa ya benki. Ofisi iko Sakina, hela inakwenda Lithuania! Mimi sasa kila ankara inayotoka kwangu ina mstari mwekundu chini: hatuna IBAN, akaunti yetu haibadiliki, ukiambiwa imebadilika tupigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Si namba iliyo kwenye hiyo barua mpya, maana hapo utakuwa unampigia tapeli akuthibitishie.

Na swali lingine. Zamani benki za Ulaya zilikuwa zinapeleka hela kwa namba, jina halilinganishwi na chochote. Uingereza walianza kulinganisha 2020, na nchi za yuro zimelazimishwa tangu Oktoba 2025. Wageni wako hawakupewa onyo?

#15 Chalii wa Sakina
Nimewauliza sasa hivi kwa WhatsApp. Wanasema ndiyo, benki iliwaambia jina halifanani. Wakadhani ni kwa sababu jina la kampuni yetu ni la Kiswahili.

#16 Mtoto wa Pasua
Eeh bwana. Naongeza bakuli.

#17 Mangi wa Kiboriloni
Mnazunguka mpaka Lithuania wakati tundu lipo mtaani. Chalii, ankara unaprinti wapi? Usiniambie una printa.

Nawapa kisa. Mdogo wangu alikwenda steshenari moja hapa Moshi afunguliwe akaunti ya Ajira Portal, ile tovuti ya kuomba kazi serikalini. Hakuwa na barua pepe. Kijana akamtengenezea papo hapo, neno la siri jina lake na 123, akaliandika kwenye kaunta buku. Simu ya kurejeshea akaunti akaweka namba yake yeye kijana, kwa sababu simu ya dogo ilikuwa imezima chaji. Miaka miwili ikapita. Dogo akasahau neno, akaomba kodi ya kurejesha, yaani zile namba za kuthibitisha, kodi ikaenda kwa kijana ambaye siku hizo alishahamia Dar na laini ile ameitupa. Laini ikauzwa kwa mtu mwingine. Barua pepe ya dogo, vyeti vyake vyote ndani, ufunguo uko kwenye simu ya mtu asiyejulikana.

#18 Printa Majengo
Nina steshenari, nimesoma hiyo, naomba nijitetee. Mteja anakuja saa kumi jioni, mwisho wa maombi ni saa sita usiku. Hana barua pepe, hakumbuki neno la siri, namba ya NIDA ameiandika kiganjani. Nisipoandika kwenye kaunta buku, kesho anarudi analia. Nina kurasa zimejaa, na nusu ya maneno ni jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Wakati wa maombi ya mikopo ya vyuo foleni inafika barabarani.

#19 Binti Machame
Hiyo kaunta buku inalala wapi?

#20 Printa Majengo
Chini ya printa.

#21 Mama Njiro
Yesu wangu.

#22 Chalii wa Sakina
Mangi umenigusa. Printa yetu iliharibika mwaka jana. Huwa nakwenda steshenari jirani, nafungua barua pepe kwenye kompyuta yao, naprinti, nafunga. Nakumbuka kutoka, karibu kila mara.

#23 Mangi wa Kiboriloni
"Karibu kila mara" 😄 Na kutoka kwenyewe hakusaidii kama ile mashine ina kidudu kinachorekodi kila kitufe unachobonyeza. Kuna herufi 12 hapo?

#24 Fundi Mnara wa Saa
Inawezekana, ila nisingekimbilia huko. Jibu hili: hilo Tarangire ulilitumia wapi kwingine?

Yanayovuja huwa ni ya tovuti, si yako. Mwaka 2009 RockYou walivuja maneno ya siri milioni 32 yakiwa wazi kabisa, hayakufichwa hata kidogo. 123456 peke yake lilitumiwa na watu zaidi ya 290,000. LinkedIn walidukuliwa 2012, na 2016 zikaonekana zinauzwa akaunti zaidi ya milioni 100. Wezi hawakai kubahatisha. Wanachukua barua pepe na neno kutoka orodha ya zamani, wanajaribu kila mlango. Ukiwa na ufunguo mmoja wa nyumba, ofisi na gari, umewarahisishia. Ingia kwenye Have I Been Pwned ya Troy Hunt, andika barua pepe yako uone imetajwa kwenye mivujo mingapi. Neno la siri hawakuulizi.

#25 Chalii wa Sakina
Imetajwa mara tatu. Moja ni tovuti ya kuhifadhi picha, hata sikumbuki kama niliwahi kujiunga.

#26 Mwalimu wa Rau
Naona mada imefika kwangu. Wanafunzi wangu nawafundisha njia ya Arnold Reinhold, ya 1995. Unarusha dadu mara tano, unapata namba ya tarakimu tano, unakwenda kwenye orodha ya maneno 7,776 unachukua neno moja. Rudia mpaka upate manne. Mfano tu, msiuchukue: ngamia, bomba, ukili, jumatano. Rahisi kukumbuka, na michanganyiko inapita trilioni 3,600.

#27 Namba Hazidanganyi
Mwalimu, hesabu yako ni sawa lakini umeacha upande wa pili. Herufi 8 za kubahatisha kwelikweli, kutoka zote 95 za kwenye kibodi, zinatoa zaidi ya trilioni 6,600. Kwa hiyo maneno manne hayazizidi. Weka matano au sita ndipo uje ujivune.

#28 Mwalimu wa Rau
Nakubali, weka matano. Lakini nitajie binadamu mmoja anayechagua herufi 8 kwa kubahatisha kwelikweli. Wote wanaanza na herufi kubwa na kumaliza na mshangao.

#29 Mzee wa Kaloleni
Mimi langu refu sana, ni methali nzima. Mnaonaje?

#30 Mwalimu wa Rau
Shikamoo mzee. Kama ni ya haba na haba, au ya haraka haraka, badilisha leo. Methali inajulikana na wote, urefu wake ni wa macho tu. Dadu lazima zichague, si wewe.

#31 Mzee wa Kaloleni
Marahaba. Umejuaje ni ya kibaba?

#32 Dereva wa Karatu
Tumieni Kichaga. Mhindi wa kudukua atajua kihamba ni shamba la nyumbani?

#33 Binti Machame
Kompyuta haihitaji kujua maana, inahitaji orodha. Na anayekuibia anaweza kuwa jirani yako wa kihamba. Halafu Mhindi kafanya nini jamani, mnamsingizia.

#34 Nukta Pacha
Naomba tuseme nywila, hili "neno la siri" ni refu na mwalimu anataka maneno matano.

#35 Mangi wa Kiboriloni
Nikimwambia bibi yangu wa Old Moshi nywila imeibiwa, atadhani ni aina ya ndizi.

#36 Mwandishi Mstaafu
Mnasahau njia ya zamani kuliko zote: hakuibiwa, alitoa mwenyewe. Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, alipata barua iliyofanana na ya Google ikimwambia mtu amelijua neno lake la siri, abonyeze abadilishe. Wasaidizi wakamuuliza mtaalamu wao. Mtaalamu akajibu kwamba barua ni halali. Baadaye akaeleza kuwa alitaka kuandika si halali, kwa Kiingereza herufi mbili za mwanzo zikamponyoka. Kitufe kikabonyezwa, barua za miaka zikaenda. Ungekuwa na dadu gunia zima zisingekusaidia hapo, maana neno unaliandika kwa mkono wako kwenye ukurasa wa mwizi.

Chalii, ofisini kuna mtu alipata barua ya "sanduku lako limejaa" au "thibitisha akaunti isifungwe"?

#37 Chalii wa Sakina
Nimemuuliza keshia. Anasema zinakuja nyingi, anazifuta. Nikamuuliza zote? Akasema ile ya sanduku kujaa aliijaza kwa sababu kweli lilikuwa limejaa.

#38 Mtoto wa Pasua
Uzi umeisha.

#39 Fundi Mnara wa Saa
Haujaisha. Lini?

#40 Chalii wa Sakina
Hakumbuki. Ama kabla ya msimu wa mvua ama baada. Na katikati nilishabadilisha neno.

#41 Binti Machame
Ulibadilisha tarakimu mbili za mwisho.

#42 Njia Panda Himo
Mimi naona mnaonea watu wa ndani bure. Kwani aliyedukuliwa ni lazima awe Chalii? Ankara ilikuwa sehemu mbili, kwake na kwa wageni. Mwizi akiwa kwenye sanduku la mgeni anaona ankara ileile, nembo ileile, Tarrangire ileile. Ofisi nyingi za hapa zinalipa fidia kwa aibu tu, hakuna aliyemuuliza mgeni neno lake la siri likoje.

#43 Mhasibu wa Tengeru
Hilo lilitokea kwa jamaa yangu wa upandishaji mlima. Walibishana miezi na mgeni, kila mmoja anasema ni wewe. Mwishowe waligawana hasara nusu kwa nusu, na mgeni akapanda Kilimanjaro na kampuni nyingine.

#44 Dereva wa Karatu
Na yule mfanyakazi uliyemwachisha mwaka jana, Chalii? Simu yake bado haipokei barua za ofisi? Nauliza tu.

#45 Chalii wa Sakina
Hatukuachana vibaya. Lakini kweli sikumtoa kwenye simu. Sijui hata wanatoaje.

#46 Nukta Pacha
Uthibitisho wa hatua mbili ungemaliza yote haya. Kodi inakuja kwenye simu, mwizi hana simu yako.

#47 Fundi Mnara wa Saa
Unapunguza, haumalizi. Keshia aliyejaza ukurasa wa sanduku kujaa angejaza na kodi, na ukurasa wa mwizi unaipeleka kwa Google kabla haijaisha muda. Kodi ya SMS nayo inafuata laini, na habari ya laini Mangi ameshaisimulia. Programu inayotoa kodi mpya kila sekunde 30 ni nzuri zaidi, ila tundu la keshia liko palepale. Kinachoziba hilo ni ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta, kwa sababu unakagua wenyewe uko tovuti gani, na kwenye com yenye s ya ziada haufunguki. Google waliwapa wafanyakazi wao zaidi ya 85,000, wakasema 2018 kwamba tangu hapo hakuna aliyeibiwa akaunti ya kazi kwa njia hiyo ya keshia. Programu ya kutunza maneno ya siri nayo ina faida hiyo. Ikikataa kujaza yenyewe, usiibishie, soma anwani.

#48 Mama Njiro
Mimi sina programu. Nina daftari, liko kwenye kabati la vyombo na ufunguo ninao mimi. Nimekosea?

#49 Binti Machame
Hapana mama. Mwizi wa Lithuania hafiki kwenye kabati lako. Usipeleke tu steshenari.

#50 Printa Majengo
Nimehamisha kaunta buku. Msiniulize iko wapi.

#51 Mzee wa Kaloleni
Chalii aripoti 15040.

#52 Mhasibu wa Tengeru
Mzee, 15040 ni ya TCRA kwa ujumbe wa simu, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii". Hili ni la polisi, kitengo cha makosa ya mtandao. Sheria ipo tangu 2015. Na wageni wafungue kesi kwao pia, waibane benki yao siku hiyohiyo, hela ikishatolewa hairudi.

#53 Fundi Mnara wa Saa
Chalii, bado upo? Ingia kwenye mipangilio ya barua pepe kwa kompyuta, si kwa simu. Tafuta pale pa vichujio na pa kusambaza barua. Mwizi akishaingia hana haja ya kuingia kila siku, anaacha kichujio: kila barua yenye neno fulani inakwenda kwake, na kwako inajificha kwenye kumbukumbu kama imeshasomwa. Ndiyo maana wageni wanaweza kuwa waliuliza ukawa hukuona.

#54 Chalii wa Sakina
Ngoja.

#55 Mtoto wa Pasua
Tumbo linauma kwa mtori na kwa uzi.

#56 Chalii wa Sakina
Wakuu kipo. Kimoja. Barua yoyote yenye "invoice" au "deposit" inapelekwa kwenye anwani nisiyoijua na inapita bila kuonekana kwenye sanduku. Kwenye kumbukumbu nimekuta barua mbili za hao Wajerumani wanauliza kama kweli tumebadilisha akaunti. Mbili! Waliuliza!

#57 Njia Panda Himo
Basi nakubali ni kwako. Lakini aliyekiweka ni wa steshenari, wa sanduku kujaa, au yule wa simu?

#58 Binti Machame
Au wa ile tovuti ya picha.

#59 Fundi Mnara wa Saa
Usikiguse. Piga picha hiyo anwani, nakili maelezo yote, na chini kabisa ya ukurasa wa barua kuna orodha ya vifaa vilivyoingia na saa zake. Hivyo ndivyo vya kupeleka polisi.

#60 Chalii wa Sakina
Nimeshakifuta.

#61 Fundi Mnara wa Saa
Anwani unaikumbuka?

#62 Chalii wa Sakina
Ilikuwa na z mbili.